Sekunde Tisa Kutoka Mnarani

Nyuma ya uzio wa Ligaya,
Cabuyao, Laguna
10 Machi 1997

Aling Conching,

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika nchi hii kuruka na ile mashine mpya ya Banda la Saba. Nimeruka mara mbili, na mara ya pili nilisinzia, maana nilikuwa nimekwisha kuizoea.

Basi, sijaruka. Hata mlango wake sijaugusa. Mlinzi ana mbwa, na mbwa ana meno mengi kuliko mimi. Mimi nimebaki na tisa. Lakini umeona, nimekiri kabla hata ya kufika nusu ya ukurasa. Kwa hiyo yanayofuata unaweza kuyaamini.

Barua uliyokiandikia chama chetu cha mashabiki wa Ligaya imeletwa kwangu kwa sababu kati yetu wote mimi ndiye ninayekaa karibu na hilo banda. Ukuta wa nyuma wa kibanda changu ndio uzio wa Ligaya wenyewe. Wengine wana kwao. Yupo Dokta Ponce, mng'oa meno wa Calamba, mwenyekiti wetu. Yupo Mwalimu Abrenica wa maktaba. Na wengine ishirini hivi, watu wazima wenye watoto na akili timamu, ambao kila Jumapili huja kwenye hii bustani ya michezo ya Ligaya wasiingie. Wanachungulia matundu ya uzio, wanahesabu malori, wanaokota makopo ya rangi jalalani, kisha wanakaa kubishana hiyo safari mpya itakuwa ya nini.

Kwamba ni ya kuruka, hakuna ubishi, Ligaya wametangaza. Mnakaa vitini kwenye chumba cha giza, mbele yenu sinema, chini yenu majeki yanaviinamisha viti huku na huku, na tumbo linadanganyika kwamba mko angani. Ila mnaruka juu ya nini, hawasemi. Dokta anasema nyotani, kwa kuwa aliokota kopo la rangi ya fedha. Mwalimu Abrenica anasema chini ya bahari, na ukimuuliza huko chini ya bahari mtu anaruka vipi, hasemi nawe wiki nzima. Mimi nasema juu ya nchi yetu. Nimewekeana dau na Dokta. Nikishinda, ananitengenezea meno ya bandia, juu na chini. Akishinda yeye, namlisha mahindi bure mpaka mmoja wetu azikwe. Nauza mahindi ya kuchemsha langoni. Zamani niliendesha gurudumu kubwa la kupandisha watu juu kwenye maonyesho ya kuhamahama, miaka thelathini na mmoja, sikukuu hadi sikukuu. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo ukikuta herufi imelewa, isaidie kusimama.

Sasa swali lako. Umesoma kwenye karatasi yetu ya mwezi, iliyofungiwa samaki mkavu wako, kwamba sinema hiyo ilipigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1989, na kwamba inapita Pampanga, juu ya Bacolor, kabla mlima haujalipuka. Unauliza kama ni kweli.

Ni kweli. Sanduku la mkanda nililiona likishushwa kwenye lori. Limeandikwa PAMPANGA kwa wino mweusi.

Lakini hukusema wewe unatafuta nini. Meno?

Anacleto Belarmino
Mang Kleto inatosha


Makazi ya waliohamishwa,
Mabalacat, Pampanga
24 Machi 1997

Mang Kleto,

Unaandika kama mtu anayekimbizwa na huyo mbwa. Nilicheka, na mkwe wangu akatoka jikoni kuja kuangalia kuna nini, maana sauti hiyo hajaizoea.

Meno ninayo. Ninatafuta nyumba.

Kitongoji chetu, Santa Rufina, huko Bacolor, kiko chini ya tope. Sisemi tope la mvua. Ni lile la mlima, lahar, majivu na mchanga na maji pamoja, lililoshuka tarehe mosi Oktoba mwaka juzi. Mimi nilitangulia na lori la jeshi nikiwa nimepakata cherehani. Mume wangu Fidel alisema anakuja na lori la pili. Lori la pili halikuja. Waliokuwa kwenye mapaa ya jirani walimwona juu ya paa letu, halafu hawakumwona. Tope lilipokauka lilikuwa refu kuliko nyumba, na gumu kama saruji. Kilichobaki juu ni nusu ya mnara wa kanisa. Kwingine kote ni kijivu, tambarare, hakuna mti, hakuna njia, hata mto umehama. Ramani zetu zilizikwa pamoja na ofisi yake.

Tarehe mosi Novemba, siku ya makaburi, kila mtu huwasha mshumaa kwa mtu wake. Kaburi la Fidel ni nyumba yetu, na mimi sijui iko wapi. Miaka miwili hii sote wa Santa Rufina tumewasha kwenye ukuta wa mnara, tumerundikana kama watu wanaosubiri basi. Huyu ananyoosha kidole kule, yule huku. Na sasa yamekuja malori ya kuchimba mchanga wa kujengea. Pengine uzio wako umejengwa kwa mchanga wa kwetu. Penye msalaba hawachimbi. Lakini msalaba niusimike wapi?

Ndiyo maana nataka kuiona Santa Rufina kutoka juu, ilivyokuwa. Mara moja tu. Nihesabu mapaa kutoka mnarani hadi kwangu.

Nyumba yetu ilikuwa pale barabara inapoacha kanisa na kupinda kulia kuelekea mlimani. Upande mmoja Guanzon mwoka mikate, upande wa pili Apung Sepa mkunga. Ndege ikifuata barabara, ni lazima ilale kushoto kuuzunguka mnara, halafu ilale kulia juu ya paa langu. Umesema ukuta wako ndio uzio. Wakiijaribu mashine, utayasikia majeki. Nakuomba usikilize. Toka kushoto mpaka kulia, ni muda gani?

Malori hayatasubiri mpaka wafungue.

Consolacion Sunglao


Cabuyao
12 Aprili 1997

Aling Conching,

Nimesikiliza. Nimeegemeza sikio ukutani wiki nzima, na mama mkwe wa jirani ameanza kueneza kwamba nina mpenzi ndani ya Ligaya.

Wanajaribu saa tisa mchana, kelele za watoto zinapokuwa nyingi. Kushoto na kulia unazijua kwa sauti: jeki la kushoto linakoroma, la kulia linapiga mluzi kama padre wetu akila mchuzi. Saa sina, na sikuwahi kuwa nayo. Kwenye gurudumu nilikuwa nahesabu kwa jina la mke wangu. Moja Pacing, mbili Pacing, tatu Pacing. Jina lake linachukua sekunde moja kamili ukilitaja bila hasira. Amekufa mwaka wa sita huu na bado namfanyisha kazi.

Dokta Ponce alikuja Jumapili, akaweka glasi ukutani, akasikiliza, akasema hizo ni roketi. Nikamwambia, "Dokta, hiyo ni pampu ya choo." Akarekebisha miwani, akaandika kwenye daftari lake hivyo hivyo.

Jibu lako: inakoroma, halafu tisa Pacing, halafu inapiga mluzi. Sekunde tisa.

Mang Kleto


Mabalacat
9 Mei 1997

Mang Kleto,

Mpwa wangu alikuwa fundi wa ndege pale kambi ya jeshi ya Clark enzi za Wamarekani. Nilimuuliza ndege ya kupigia picha inakwenda mwendo gani. Akasema weka mita hamsini kwa sekunde, haitapungua sana wala kuzidi. Mwanangu Isko alikata kamba ya mita hamsini. Tukaanzia mnarani, tukaelekea mlima ulipo, mara tisa. Kila kamba ilipokwisha nilisema kama wewe: moja Fidel, mbili Fidel. Ya tisa ilipokwisha nilisimama. Hapakuwa na kitu. Kijivu tu kama pengine pote. Lakini magoti yangu yalikaa yenyewe.

Isko akasimika msalaba. Nilikaa pale mchana kutwa chini ya mwavuli. Nilimpa Fidel habari za miaka miwili, na kuhusu lile lori la pili nilimsema kidogo.

Siku ya pili akaja Guanzon. Akasimama mbali, kofia mkononi.

"Conching, umejuaje kama ni hapa?"

"Kuna sinema."

"Sinema gani?"

"Ya kabla."

Akautazama msalaba, akautazama mnara, akasema, "Kama hapa ni kwako, basi tanuri letu liko hapa." Akapiga hatua kumi na mbili kwenda kushoto, akasimama. Mama yake alibaki humo ndani na tanuri. Alisimama muda mrefu, Mang Kleto. Jua kali na kofia bado mkononi.

Sijui nikulipe nini.

Conching


Cabuyao
2 Juni 1997

Aling Conching,

Usinilipe. Na pia usiende mbio.

Ukuta huu una mwangwi. Sikio langu la kulia liliharibiwa na king'ora cha maonyesho mwaka sabini na mbili. Inawezekana ni kumi na moja. Inawezekana ni saba. Na marubani, wengine niliwafahamu, wanaruka wamelewa, wanapinda pasipo kona. Msalaba wa mbao unatosha kwa sasa, ambao mtu anaweza kuusogeza. Mwambie na mwoka mikate.

Hapa mvua zimeanza. Mahindi hayatoki. Dokta amenipima taya kwa nta, anasema anataka awe tayari akishindwa. Mdomo ulijaa nta nikashindwa kumtukana. Nilirudi nyumbani nikakaa.

Mang Kleto


Mabalacat
21 Julai 1997

Mang Kleto,

Umechelewa. Saruji tumekwisha kumwaga.

Na si mimi peke yangu. Guanzon alipopata tanuri lake, mdogo wake akapata nyumba yake. Watoto wa Apung Sepa wakaja upande wangu wa kulia. Fundi cherehani akapima kutoka kwa Apung Sepa. Sasa tuna misalaba thelathini na minne, na imenyooka kwa mitaa, kuna njia katikati, watu wanapita njiani, hawakanyagi uwanja wa mtu. Jumapili iliyopita wanawake wawili waligombana kuhusu mpaka wa ua, na sote tulifurahi kama harusi. Malori yanazunguka kwa nje.

Mtaa mzima umepimwa kutoka kwangu, na mimi nimepimwa kutoka kwako.

Wakifungua nitakuja, niyaone yale mapaa. Nimempa dereva mmoja chupa ya buro akuletee. Ni wali tuliouchachusha na samaki, hauhitaji kutafuna. Nimefikiria meno yako.

Conching


Cabuyao
30 Agosti 1997

Aling Conching,

Buro imefika. Nimeila siku mbili, nikapata aibu siku ya tatu, nikaimaliza.

Wanafungua tarehe 11 Oktoba. Usije. Foleni itakuwa ya muda wa saa nne, watu watakanyagana, na wewe una magoti yanayokaa yenyewe. Mkanda wenyewe nasikia wameukata kata. Mimi nitaingia, nitakutazamia, nitakuandikia paa moja moja, hata kuku waliokuwa juu yake. Kaa nyumbani.

Mang Kleto


Mabalacat
13 Oktoba 1997

Mang Kleto,

Nilikuja.

Nilikaa safu ya pili, Isko upande wangu, na mkanda wa kiti tumboni. Taa zikazimwa. Nilikuwa nimeshika mkono wa mwanangu, namwambia ukiona mnara nibane.

Ni theluji. Ni kigari cha kuteleza kinashuka mlima wenye theluji, nchi ya wazungu, na misonobari pembeni. Hakuna mnara. Hakuna paa hata moja, ila kibanda cha mbao mwishoni ambacho kigari kinakivunja, na watu wote wakacheka.

Nilihesabu hata hivyo. Kushoto hadi kulia ni sekunde nne. Ikarudia, ikawa mbili. Mara ya mwisho tatu. Hakuna tisa mahali popote.

Nikatoka, nikakutafuta langoni. Sufuria ya mahindi ilikuwepo, inatoa mvuke, mwenyewe hayupo. Nilikaa pale mpaka mahindi yakapoa.

Sina maneno mengi. Niambie tu, tisa uliipata wapi?

Consolacion Sunglao


Cabuyao
17 Oktoba 1997

Aling Conching,

Nilikuwa nyuma ya choo cha walinzi. Mwavuli wako ni wa kijani, na ubavu mmoja umevunjika. Ulikalia beseni langu, ukamfukuzia nzi mteja mmoja, ukamuuzia hindi, pesa ukaiweka chini ya kifuniko. Nilikuona. Sikutoka.

Tisa ni hesabu ya meno yangu.

Majeki nilisikiliza kweli. Siku moja ilikuwa nne, siku moja kumi, siku nyingine walipiga mluzi tu mpaka jioni. Sikuelewa kitu. Nikakaa na kalamu, nikapitisha ulimi mdomoni, nikaandika tisa.

Sanduku halikuwepo. Wala hakuna ndege iliyopiga picha mwaka 1989. Habari uliyoisoma kwenye karatasi ya samaki niliitunga mimi, nikampa Mwalimu Abrenica aichape, ili chama kielemee upande wangu na Dokta aingiwe na hofu. Ilikuwa kwa ajili ya meno. Halafu ikaja barua yako na mimi nikajibu kama nilivyojibu. Unakumbuka nilianza kwa uongo nikaukiri hapo hapo. Ni hila ya maonyesho. Unamwonyesha mtu mkono huu mtupu, huku kitu kiko kwenye mkono wa pili.

Ulipoeleza unatafuta nini, ningeweza kusema. Nilikaa siku kumi na barua ile. Lakini nikisema, barua haziji tena, na mimi hapa anayeniandikia ni idara ya maji peke yake. Hiyo ndiyo sababu ya pili. Ya kwanza bado ni meno, sitaki unione mzuri kuliko nilivyo.

Kati yetu hakuna aliyesema theluji. Dau limekufa. Dokta ameitupa ile nta ya taya yangu.

Mitaa yenu ilipoanza kunyooka nilikosa hata pa kuanzia kuwaambia. Mtu mmoja nimemdanganya nikijua. Wale thelathini na watatu wamedanganyika wenyewe, mlango wa pili, mlango wa tatu, na mimi nimekaa nakula buro.

Kleto


Mabalacat
25 Oktoba 1997

Bwana Belarmino,

Barua yako niliisoma nimesimama.

Msalaba nimeung'oa. Isko alitumia nyundo kwa sababu ya saruji. Majirani walipouliza nilisema mbao imeliwa na mchwa. Sikuwaambia. Kila mmoja wao sasa ana mahali pa kukaa na kuzungumza na mtu wake. Niende nyumba kwa nyumba niwaambie wanazungumza na meno ya mzee wa Laguna?

Mwanzo nilikuwa sijui tu. Kutojua nilikuwa nimekuzoea. Sasa kila nikifumba macho napaona mahali pale, na najua si pale.

Tarehe mosi sitakwenda. Nitabaki kambini.

Usiniandikie.

C. Sunglao


Cabuyao
3 Novemba 1997

Aling Conching,

Umesema nisiandike. Mbwa wa mlinzi naye anaambiwa asibweke. Usome au ufungie samaki, ni sawa.

Nilikwenda Santa Rufina siku ya makaburi. Mabasi matatu, na kipande cha mwisho juu ya lori la mchanga, Mungu anisamehe, maana ndilo lililokuwa likielekea huko. Nilikwenda kuwaambia. Niliyapanga maneno njia nzima. Nilifika jioni saa kumi na mbili kasoro, nikaona watu wengi mno, watoto, masufuria, wazee kwenye viti, na ujasiri ukanishuka hadi kwenye soksi. Nikapitia dirisha la mnara, maana mlango umezikwa, nikapanda juu. Urefu siuogopi, ni kitu pekee nilichojifunza maishani. Nilisema nitashuka wakitulia.

Halafu wakawasha.

Aling Conching, mimi nimekaa juu ya gurudumu miaka thelathini na mmoja na nimeiona miji ya watu kutoka juu, taa zikiwaka jioni. Huu ulikuwa mji. Mishumaa ilikaa kwa mistari, njia ya kanisani imenyooka, ikapinda kulia pale barabara inapopinda, vichochoro viko, uwanja uko. Mtu angeweza kuhesabu mapaa. Nilihesabu, ndivyo ulivyotaka tangu mwanzo. Kutoka mnarani kwa upande wa kulia, nyumba kumi na sita zenye mwanga, ya mwisho ya mwoka mikate. Halafu giza. Halafu Apung Sepa.

Hilo giza ndilo nililolifuata niliposhuka.

Pale ulipong'oa pamebaki shimo la saruji iliyovunjika. Guanzon alikuwa kwake, anamweleza mama yake bei ya unga, analalamika kweli kweli. Nikamsubiri amalize. Nikamuuliza, "Hapa ni kwa nani?"

"Kwa Fidel, seremala. Mkewe anaumwa."

"Una hakika ni hapa?"

Akaniangalia. "Mzee, wewe mtu wa wapi?"

"Laguna."

"Basi wa Laguna anajua nini kuhusu hapa. Nimekua mlango wa pili. Huyu alikuwa akianza kupiga randa alfajiri, hatulali."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, yote, kutoka basi la kwanza. Akageuka akamwambia mama yake, "Mgeni wa Fidel huyo." Nikaufunga mdomo na meno yangu tisa ndani.

Mfukoni nilikuwa na mshumaa. Nikauwasha kwenye lile shimo lako. Upepo uliuzima mara mbili, na mara ya tatu Guanzon akaja kuukinga kwa kofia yake. Fidel sikumwambia mengi. Nilimwambia mimi ndiye niliyepanga mtaa huu, na kwamba mkewe amekasirika, na safari hii hasira si ya lori. Sikujibiwa. Sitakuapia kwamba yuko hapo. Nimeapa vya kutosha mwaka huu. Ninachojua ni kwamba wale wa kulia na wale wa kushoto wamekuachia nafasi. Hakuna aliyesogea, ingawa wangeweza kujibanza na kuwa na ua mkubwa zaidi.

Msamaha sikuombi. Lakini kuna kitu kidogo nakudai, na nakudai waziwazi.

Mshumaa ule ulikuwa wa Pacing. Kila mwaka namwashia hapa Cabuyao, na mwaka huu nilikusudia kuwahi kurudi. Sikuwahi. Nilifika tarehe pili alasiri, wanafagia nta kaburini, siku yake imekwisha na mke wangu hakupata kitu, kwa sababu wa kwake ulichukuliwa na mume wako. Kwa hiyo mwashie mmoja, hata kipande kilichobaki jikoni. Taja jina lake, halizidi sekunde moja.

Mahali sitakuchagulia. Uweke utakapoona wewe.

Kleto